Mbegu za lavenda za shilingi 150: mbegu nzima, maelezo ya kupotosha

Nilizinunua Machi mwaka jana kwenye agroveti moja karibu na steji, hapa Nakuru mjini. Pakiti ina mbegu kama 50, na mbele kuna picha ya shamba la zambarau lisilo na mwisho. Nikamuuliza kijana wa kaunta zinapandwaje. "Kama sukuma tu, mathe." Pakiti nayo ilisema nizifukie sentimita 1, zitaota kwa siku 7 hadi 10.

Basi nikapanda kama sukuma. Nusu ya pakiti, trei imejaa samadi, maji asubuhi na jioni. Wiki ya tano kilichoota ni managu. Mama mkwe alikuwa ametoka Bahati kutujulia hali, akachungulia trei, akasema, "Angalau haya yanaliwa."

Nilirudi dukani nikaambiwa niongeze mbolea. Mbolea! Mmea wenyewe umezoea vilima vya mawe vya Mediterania. Aliyenisaidia ni mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara kule Lanet. Alisoma nyuma ya pakiti, Lavandula angustifolia, akacheka: "Hii bila kuonjeshwa baridi itakulalia tu."

Kwa hiyo nusu iliyobaki niliifunga kwenye tishu yenye unyevu, nikaitia ndani ya kopo na kuiweka rafu ya chini ya friji wiki 4. Baadaye nikachanganya udongo wa bustani na mchanga, nusu kwa nusu, pamoja na vile vijiwe vyepesi vya volkano ambavyo huku kwetu ukichimba tu unakutana navyo. Mbegu nikazimwaga juu juu na kuzikandamiza kwa kiganja bila kuzifukia, kwa sababu zinataka mwanga ndipo ziamke. Juu nikafunika na kifuniko angavu cha keki ya bathdei.

Siku ya 18 kikatokea kimoja, kidogo hata nikadhani ni kuvu. Kufikia siku ya 30 nilikuwa na miche 14 kati ya mbegu 25. Mitano ikaliwa na kinyausi, ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche michanga, na hapo silaumu mtu: nilimwagilia jioni na kifuniko nikakiacha. Iliyobaki 9 niliihamishia kwenye makopo ya Kasuku niliyoyatoboa chini, na sasa namwagilia tu nikiingiza kidole na kukuta pakavu.

Leo iko hai 8, na hakuna inayofanana na mwenzake. Mmoja umetawanyika kama kuku aliyeatamia, mwingine umesimama wima, na miwili iliyotoa maua imetofautiana rangi. Ndivyo lavenda ya mbegu ilivyo, haimfuati mzazi wake sawasawa. Ile picha ya mistari iliyonyooka isikudanganye.

Mbegu nazipa nyota 4, maana zilingoja kabatini na bado zaidi ya nusu zikaota. Maelezo ya pakiti hayapati hata moja, na ushauri wa kaunta vilevile. Ukiwa na friji na subira ya mwaka mzima, nunua. Kama unataka uzio wa nyumba unaolingana, pita Lanet uchukue miche ya vipandikizi, yaani iliyooteshwa kutoka vijiti vya mmea mzazi. Yule mama aliniuzia mmoja kwa shilingi 200 na ulikuwa na maua tayari.