Krenki ya stroki 60 kwenye Vespa PX200, uzoefu wangu

Wadau wa Vespa, nimetia krenki (mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) ya chapa ya Mazzucchelli, stroki 60, yaani pistoni inasafiri mm 60, kwenye PX200 yangu na nimeshaiendesha vya kutosha hapa Unguja, sasa nasema nilichokiona. Ile ya zamani ilianza kugonga chini, ukishika konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) ukaivuta juu na chini unausikia mchezo kwenye beringi ya pini kubwa, ile inayoshika konrodi kwenye krenki, na kwa kuwa injini lazima ipasuliwe nikaona bora nitie kitu cha maana, maana kufungua kesi yote kwa ajili ya beringi halafu ukaifunga vilevile ni hasara.

Krenki ya kiwandani ni stroki 57, konrodi ya urefu wa mm 110. Kwa silinda ya kawaida yenye kipenyo cha mm 66.5 unapata cc 198, ukienda stroki 60 zinakuwa 208, na mwenye silinda kubwa ya chapa ya Malossi ya 68.5 kama mie anatoka 210 anafika 221. Cc 11 zinaonekana kidogo lakini ukitoka Darajani umepakia mtu na mzigo juu, gia ya tatu inabeba tu, huna haja ya kurudi ya pili. Hicho ndo nilichokitaka. Spidi ya mwisho haikubadilika sana, anayetaka spidi aanze na ekzosi na kabureta.

Sasa mambo ya kuangalia. Pistoni inapanda 1.5 mm zaidi na kushuka 1.5 mm zaidi, kwa hiyo bila gasketi nene ya mm 1.5 itagonga hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Ukiiweka chini ya silinda, matundu yake yote ya kupitisha gesi yanapanda juu na injini inapenda kuzungushwa sana, ukiiweka chini ya hedi unabaki na nguvu za chini. Mie nimeweka juu, chini ya hedi, barabara zetu na matuta yake hazihitaji injini ya kulia muda wote. Kabla ya kufunga moja kwa moja weka waya laini wa risasi juu ya pistoni, funga hedi, zungusha flaiwili kwa mkono, fungua upime ulipobanwa, yangu ilitoka mm 1.4 nikaridhika.

La pili ni kubwa kuliko hilo. Kwenye PX sahani ya krenki yenyewe ndo valvu, inafungua na kufunga tundu la kabureta, na nafasi kati yake na kesi ni ndogo mno. Mchanga ukishaingia unakwangua pale, basi petroli itarudi nyuma kwenye kabureta na hata ukinunua krenki ya bei gani haitakusaidia. Pitisha ukucha kwenye ule uso wa kesi, ukikwama shughulikia kesi kwanza. Na zile krenki za duara kamili waachie waliogeuza injini ikawa ya ridi valvu, yaani valvu ya vibati vinavyojifungua vyenyewe badala ya sahani ya krenki.

Fundi wangu hakuifunga ilivyotoka kwenye boksi, aliilaza kwenye vitalu akaizungusha taratibu na geji juu yake, yeye hataki kuyumba kuzidi 0.03 mm, na ilipita. Halafu akapeleka ile pini kubwa ikachomelewa pande zote mbili, kwa sababu sahani zimebanwa kwenye pini kwa presha tu, injini yenye nguvu ikikwama ghafla au ukiachia klachi kwa pupa zinajipinda na mtetemo hauishi tena. Kwa injini isiyoguswa hilo silioni la lazima, kwa Malossi nalishauri sana.

Mtetemo sasa ni mdogo kuliko zamani, kugonga kumekwisha, oili naweka asilimia 2 kama kawaida. Ukienda kununua muulize muuzaji urefu wa konrodi na pini ya pistoni: PX200 ni 110 na pini ya 16 mm. Akikupa ya 105 yenye pini ya 15 mrudishie, hiyo ni ya 125 na 150.