Kifaa cha sumaku cha kukagua gia zilizoungua kwenye grainda: uzoefu wangu

Natumia kifaa cha kelele za Barkhausen, yaani kelele za sumaku ndani ya chuma, kukagua gia na kemshafti zikitoka kwenye grainda na aisee nakikubali sana, ila ujue kinasoma nini. Tatizo lenyewe ni hivi, jiwe la grainda likishakuwa butu au kulanti (kimiminika cha kupozea) isipofika pale linapogusa, chuma kinapata moto wa ghafla na ngozi ya juu inaungua, inalainika, inabaki na mvutano ndani mpaka inakuja kupasuka ikiwa kazini, na kwa macho unaona inang'aa tu vizuri.

Wengi tumezoea asidi ya naitriki iliyochanganywa na alkoholi, unachovya gia na palipolainika panatoka peusi. Inasaidia kweli lakini asidi ni hatari kwa anayeishika na ule mvutano haiuonyeshi. Hiki kifaa unaweka sensa kwenye jino, kinageuzageuza usumaku wa chuma, na vile vijisehemu vya sumaku ndani havigeuki kwa ulaini, vinarukaruka, ndo hiyo kelele aliyoigundua Mjerumani Heinrich Barkhausen mwaka 1919. Chuma kigumu kilichobanwa kina kelele ndogo, kikilainika au kikivutwa inapanda.

Kuna gia moja meno yote yalikuwa yanasoma karibu sawa, kufika ubavu wa jino moja namba ikaruka juu, nasogeza sensa kidogo inashuka, narudisha inapanda tena. Tukaitia asidi, doa jeusi palepale!

Sasa angalizo, namba peke yake haina maana, lazima uwe na gia ya mfano ambayo haijaungua, chuma kilekile na iliyogumishwa kwa moto vilevile. Na namba ndogo sana usiishangilie haraka, pakiungua zaidi panagumika upya na panasoma chini huku pembeni kote panasoma juu, kwa hiyo pitisha sensa taratibu jino zima. Kama gia zinapigwa vigololi vya chuma baadaye pima kabla, maana vile vigololi vinabana ngozi ya juu na kuficha palipoungua. Inasoma sehemu ndogo tu ya milimita kwenda chini, na chuma kisichoshika sumaku sahau kabisa.

Kero yangu kubwa ni sensa, kila umbo linataka ya kwake, ikikaa upande namba zinayumba, na uso wake unalika taratibu kwa hiyo irudishe kwenye gia ya mfano kila unapoanza kazi.