Giaboksi imekufa, mota bado nzima: ununue ipi na uziunganishe vipi

Mashine ya kuchanganya chakula cha kuku ikisimama kwa sababu giaboksi imekula meno, wengi hukimbilia dukani na swali moja: "Mna giaboksi ya mota ya HP 3?" Zipo, na utauziwa. Lakini swali hilo halijasema shafti ya mashine izunguke mara ngapi kwa dakika, wala shafti ya mota ina unene gani. Anza na mashine, ndipo urudi kwenye mota.

Tuichukue mashine hiyohiyo. Mota ni ya kW 2.2, ambayo ndiyo HP 3, ya fezi tatu, na kibao chake kinasoma 1430 rpm, yaani mizunguko 1430 kwa dakika. Shafti ya kuchanganyia inatakiwa izunguke kama mara 48 kwa dakika. Gawa 1430 kwa 48, unapata karibu 30. Basi resho unayotafuta ni 1:30, yaani mota izunguke mara 30 ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Kisha piga hesabu ya nguvu ya kuzungusha: 9550 mara kW, gawa kwa mizunguko ya shafti inayotoka. Inakuja kama Nm (nyutoni-mita) 440 kabla ya kutoa kinachopotea ndani ya giaboksi.

Hapo ndipo aina ya giaboksi inapoleta tofauti.

Kwa mashine inayofanya kazi kutwa, chaguo langu la kwanza ni giaboksi ya meno ya mshazari. Bei yake iko juu, lakini inapoteza asilimia chache tu ya nguvu na haichemki ovyo. Ya pili ni ile ya mwili wa alumini inayouzwa kwa jina la NMRV, yenye skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba. Ni nafuu, ndogo, na inapatikana upesi. Kwenye resho ya 1:30 hupoteza takriban robo ya nguvu kwa joto, kwa hiyo zile Nm 440 zinabaki kama 330. Kwa mashine ya saa chache kwa siku inafaa kabisa. Mashine ya kuchanganya huwashwa ikiwa imejaa, kwa hiyo zidisha 330 kwa 1.5: tafuta giaboksi ambayo katalogi yake inaruhusu Nm 500 hivi. Muuzaji akishindwa kukuonyesha namba hiyo, nenda duka lingine.

Ya tatu ni mtumba. Zungusha shafti kwa mkono, isikilize, itikise juu na chini uone kama beringi zimelegea, kisha fungua nati ya oili. Oili yenye chembe za rangi ya dhahabu maana yake gurudumu la shaba linaisha. Iache hapo hapo.

Na tafadhali, usifunge mota ya kW 4 ili "kuipa mashine nguvu". Mota ya namna hii ikiwashwa moja kwa moja hutoa zaidi ya mara mbili ya nguvu yake ya kawaida ya kuzungusha, na yote inaishia kwenye meno.

Sasa kuunganisha. Njia bora ni flanji, yaani uso bapa wenye matundu ya boliti: shafti ya mota inaingia moja kwa moja kwenye tundu la giaboksi na boliti zinabana. Hakuna cha kupanga mstari, hakuna kinachozunguka nje cha kumkamata mtu nguo. Sharti vipimo vikubaliane. Mota ya kW 2.2 ya mizunguko 1430 kwa kawaida ni fremu 100 (namba ya ukubwa wa mwili wa mota), shafti ya mm 28, kii (kipande cha chuma kinachozuia shafti isiteleze) ya mm 8, na flanji ya aina ya B5, iliyo kubwa, yenye kipenyo cha mm 250, au ya aina ya B14, iliyo ndogo, ya mm 160. Nenda dukani na kaliparo, usiende na rula. Mota ya mtumba kutoka Marekani ya HP 3 mara nyingi ina shafti ya inchi 1 na moja ya nane, yaani mm 28.6. Kwa macho utaona ni sawa na 28, lakini haiingii, na ukiipiga nyundo unaua beringi za mota. Ikitokea kinyume chake, shafti nyembamba ndani ya tundu pana, usijazie bati la kopo. Peleka kwa mchonga vyuma akutengenezee bushi, yaani pete ya chuma ya kujazia nafasi hiyo. Pia paka grisi shafti kabla ya kuiingiza, vinginevyo kutu itazigandisha pamoja.

Flanji zikikataa, nenda kwenye kaplingi, yaani kiungo cha shafti mbili, ya meno yenye mpira katikati. Inasamehe makosa madogo ya mstari, na mpira ukiisha unabadilisha mpira peke yake. Mota na giaboksi zikae kwenye besi moja ngumu. Pima nafasi kati ya nusu mbili za kaplingi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) pande nne kabla ya kukaza, kisha pima tena baada ya kukaza.

Puli na mkanda naziweka ya tatu, ingawa zina faida moja kubwa: zinaokoa giaboksi yenye resho isiyokufaa. Umepata ya 1:20? Weka puli ya mm 100 kwenye mota na ya mm 150 kwenye giaboksi, utarudi kwenye mizunguko 48. Ila NMRV ya tundu haina pa kufungia puli. Ulizia NRV, yenye shafti inayojitokeza. Puli ikae karibu na beringi kadiri inavyowezekana, na mkanda usikazwe hadi ulie, maana unavuta shafti upande mmoja muda wote.

Bomba la kuchomelea shafti mbili pamoja halimo kwenye orodha yangu. Mstari ukikosea hata kidogo, linapasua sili, linakula beringi, na siku ya kufungua utalazimika kukata shafti ya mota ambayo ilikuwa nzima.