Mlango uliogeuka msambamba: uzoefu wangu na Ural ya kulala

Ningeandika haya zamani, lakini kila nikianza hasira inanipanda naiweka simu chini. Sasa nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Nina Ural-4320, lori la jeshi la ekseli tatu, zote zinavuta. Nilipolipata lilikuwa zima, bodi lake la turubai bado lipo. Nikalipeleka gereji moja inayojisifu kwa kugeuza malori ya jeshi kuwa nyumba za safari. Sitaitaja, wenyewe wakisoma watajijua.

Nilisisitiza jambo moja, kwa mdomo na kwa maandishi: boksi la kulala lisikazwe moja kwa moja kwenye fremu. Fremu ya Ural ni mihimili miwili mirefu yenye vipande vya kukatiza, kama ngazi iliyolazwa, na imeundwa ijinyonge makusudi. Gurudumu la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likizama, fremu inakubali, matairi yanabaki yameshika ardhi. Boksi la faibaglasi halijui kujinyonga. Linajua kupasuka. Ndiyo maana huwekwa juu ya fremu yake ndogo yenye maegemeo (sehemu za kushikia zinazocheza) matatu au manne, au angalau bolti zenye springi, ili chini kucheze na juu kutulie. Bosi akaitikia kwa kichwa. "Usijali mzee, hiyo ndiyo kazi yetu."

Walichelewa, lakini hilo nimelisamehe, fundi gani humaliza siku aliyosema? Na ndani palitoka pazuri, siwezi kusema uongo. Kabati zimekaa sawa, maji hayavuji, nyaya zimepangwa mpaka unaona raha kufungua kifuniko.

Safari ya kwanza ya maana, siku ya pili au ya tatu hivi, tukakuta korongo limekata njia mshazari. Si la kutisha. Nikaingiza gia nzito, taratibu, gurudumu la mbele likashuka huku la nyuma upande wa pili liko juu bado. Nikasikia mlio. Si wa injini, kelele za injini ile nazijua zote. Huu ulikuwa mkavu, kama mtu kavunja muwa gotini. Nikasimama palepale, na hilo kosa ni langu, ningemaliza kuvuka kwanza.

Mama watoto alikuwa nyuma ndani ya boksi, amejilaza, kichwa kinamuuma. Akaniita. Mlango haufunguki. Kitasa kinazunguka, bawaba nzima, lakini fremu ya mlango iliyokuwa mstatili asubuhi sasa imekuwa msambamba. Nikavuta kwa mikono miwili, mguu nimeukanyagisha ukutani. Wapi! Yeye huko ndani ananiuliza kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kelele: "Baba, si ndilo hili boksi ulilosema halitajinyonga?" Mwisho nikarudi kwenye usukani, nikalisogeza lori mpaka magurudumu yakalingana, mlango ukafunguka kwa kidole kimoja kana kwamba hakuna lililotokea. Kwenye kona ya dirisha palikuwa na ufa wa kupitisha kadi ya benki.

Nikajilaza chini ya lori, tochi mdomoni. Bolti. Bolti nene, mbele mpaka nyuma, kulia na kushoto, zimekaza fremu ndogo kwenye kubwa kama vitu viwili vilivyolaaniwa pamoja. Egemeo hakuna. Springi hakuna hata moja, hata ya kalamu.

Nikarudi gereji. Bosi hakuinuka kwenye kiti. "Umeendesha vibaya." Nikamwambia lori hili lilitengenezwa kuendeshwa vibaya! Akaninyooshea kidole picha ukutani: "Ile MAN KAT1 ya ekseli nne tuliifunga hivihivi, haijapasuka mpaka leo." Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuibiwa, nilikutana na ujinga, na sijui lipi linauma zaidi. KAT1, ile iliyoanza kuingia jeshi la Ujerumani Magharibi mwaka 1976, ina fremu ngumu ambayo haikuundwa ijinyonge. Kazi ya kufuata ardhi hufanywa na springi zake za koili. Lori la Tatra nalo limejengwa juu ya bomba nene la katikati. Huko bolti tupu unaweza kuponea. Kuileta dawa hiyo kwa Ural ni kumtilia mgonjwa wa jino dawa ya macho kwa kuwa vyote viko kichwani.

Akamalizia: "Kama ulitaka starehe ungenunua basi." Vijana wake wakacheka. Mmoja hakucheka. Alinifuata mpaka getini akaninong'oneza, "Mzee, mimi nilimwambia," akarudi ndani haraka.

Kwa hiyo nyota moja. Hapana, sifuri. Lakini nikikumbuka zile kabati, na yule kijana, naona sifuri ni uonevu. Basi moja, na ni ya kijana.

Na mtu asinielewe vibaya, lori lenyewe sina neno nalo. Majuzi tulizama kwenye mchanga mpaka ekseli zinagusa. Nikashika vali humohumo kwenye kabini, nikapunguza upepo wa matairi yote bila kushuka, nikangoja yatanuke, nikatoka kama natoka kwenye maegesho. Kisha tukashika njia huku kompresa inarudisha upepo. Siku hiyo ningeipa nyota zote za mbinguni, na hata bosi yule ningempa mkono. Nilipofika kituoni nikaona ufa umeongezeka kidole kimoja, nikaghairi.

Bolti za mbele nimezitoa, nikaweka za springi kwa mikono yangu. Za nyuma nimeziacha. Mlango hausumbui sana siku hizi. Ila kila tukikaribia korongo mama watoto hugonga ukuta nisimame, anashuka na mkoba wake, anavuka kwa miguu, ananisubiri ng'ambo.