Mafuta ya Bunduki kwa Sisi wa Nyanda za Juu: Nunua Yapi, Acha Yapi

Kila Juni ikiingia, malalamiko ni yaleyale. Wa Makete ananiandikia: "Dada, nimevuta triga, bunduki imelia tik, nguruwe kaendelea kula viazi vyangu." Wa Njombe anadai kauziwa risasi feki. Wa Mufindi, mlenga shabaha mzuri tu, amebadilisha aina ya risasi mara mbili na bado zinagoma asubuhi, halafu mchana bunduki ileile inalia bila shida. Wote lawama wanampa muuza risasi.

Nawauliza swali moja: ile risasi iliyogoma, alama iliyobaki kwenye fataki yake, kile kidude kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, ina kina gani?

Kabla hujaenda kuichungulia, tuwekane sawa. Bunduki ikigoma usiifungue palepale. Mtutu uendelee kuelekea mahali salama, subiri nusu dakika nzima, kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kulipuka. Ndipo ufungue. Na kama ililia kinyonge, usiweke nyingine mpaka umeona mwanga upande wa pili wa mtutu, maana kizibo cha ndani ya risasi kinaweza kuwa kimekwama humo. Haya yote nawaambia wenye leseni. Asiye na kibali sina la kumshauri zaidi ya kumwonyesha kituo cha polisi kilipo.

Sasa tazama kitako cha risasi. Katikati kuna kale kaduara kadogo ka fataki. Kama pini, ile inayogonga fataki ukivuta triga, imekabonyeza vizuri, shimo limeingia ndani na risasi haikulia, basi fataki imekufa: imeingiwa na unyevu au mafuta. Lakini kama alama ni kidoti tu, kama mtu kagusa kwa ncha ya kalamu, risasi yako haina kosa lolote. Pini imefika imechoka. Ukifungua sehemu ya kufyatulia utakuta kitu cha rangi ya kahawia, kinanata vidoleni, kimezunguka pini na springi yake. Hayo ni mafuta uliyopaka mwenyewe mwaka juzi kwa nia njema.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitazungumzia kuzuia kutu. Karibu kila mafuta yatazuia kutu kwa muda, hata ya kula. Sitazungumzia ukubwa wa chupa wala rangi. Nina kipimo kimoja: yakikaa, yanaganda au hayagandi? Huku kwetu kipimo hicho ndicho chenye maana, maana tuna mambo mawili kwa pamoja. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mtu anapaka mafuta kila wiki kwa hofu ya kutu, tabaka juu ya tabaka. Halafu inakuja baridi ya Juni na Julai, ile ya Kitulo na Makete inayoacha sakitu kwenye majani, na tabaka zote zile zinakuwa nzito. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kupaka upuuzi wowote na bunduki yake ikalia maisha yote. Mtu wa Makete hawezi.

Kinachotokea ni hiki. Mafuta mengi mepesi yana sehemu inayopaa hewani na sehemu inayobaki. Inayobaki inachanganyika na masizi ya baruti na vumbi la kiangazi (na vumbi la kiangazi tunalo), inakuwa kama vanishi. Mtutu unauona, unaupangusa. Pini huioni. Imejificha ndani, ina njia nyembamba, na inategemea kasi. Punguza kasi hiyo kidogo tu, fataki haiwaki.

Usiniamini mimi, chukua kipande cha kioo. Kioo cha luva kilichovunjika kinafaa sana. Weka tone la kila mafuta uliyonayo, andika jina pembeni kwa kalamu ya wino usiofutika, kiegeshe dirishani kwa mlalo kidogo. Mwisho wa mwezi pitisha kidole. Mengine bado yanateleza. Mengine yamekuwa gundi. Tone moja kwenye kioo changu lilishika bawa la nzi na halikuliachia.

Ya kwanza: Ballistol

Sijifichi, mimi ni mtu wa Ballistol na hakuna aliyenilipa. Ni mafuta ya Kijerumani, yalitengenezwa mwaka 1904, na jeshi la Ujerumani likaanza kuyatumia mwaka 1905, mwaka uleule Vita ya Majimaji ilipoanza huku kwetu. Walitaka kitu kimoja askari apake kwenye chuma, kwenye mbao za kitako na kwenye mkanda wa ngozi, asibebe chupa tatu. Msingi wake ni mafuta safi ya madini, na sifa iliyonifanya niyapende ni kwamba hayakauki yakawa vanishi. Kwenye kioo changu yalibaki mafuta. Yamesambaa, yamekuwa membamba, lakini bado mafuta.

Yana mambo yake. Yakikutana na maji yanageuka meupe kama maziwa. Msomaji mmoja aliogopa akadhani kauziwa feki. Hapana, ndivyo yalivyo, yanachanganyika na maji, na unyevu uliobaki mtutuni baada ya kunyeshewa unatoka nayo kwenye kitambaa. Harufu yake ni suala la mtu na pua yake. Mimi nimeizoea, mume wangu anataka nipakie nje.

Nunua ya chupa, si ya kopo la kupuliza. Kopo linapuliza mafuta mengi mno, na mafuta mengi ndiyo yanayotiririka hadi kwenye risasi na kwenye mbao. Ya chupa unaweka tone kwenye kitambaa, unapitisha, umemaliza. Kwenye pini, tone moja, kisha pangusa mpaka uone kama umeliondoa lote. Hujaliondoa.

Na jambo ambalo hakuna muuzaji anayelisema: ukimaliza kupaka, ihifadhi bunduki mtutu ukiwa chini. Ukiisimamisha kwa kitako kama tulivyozoea, mafuta yanashuka usiku kucha kuelekea kwenye pini, na yakipita hapo yanaingia kwenye mbao. Angalia shotigani yoyote ya urithi, pale mbao inapokutana na chuma. Ni nyeusi, na ukiibonyeza kwa kucha inaingia.

Ya pili: Break-Free CLP

Mafuta ya Kimarekani, yanasafisha, yanalainisha na kulinda kwa pamoja (ndiyo maana ya hizo herufi CLP kwa Kiingereza), na yanakidhi viwango vya jeshi lao. Ndani yana viungo vinavyotulia chini, kwa hiyo chupa lazima uitikise kabla ya kutumia. Usipoitikisa unapaka maji ya juu na dawa inabaki chini. Kwenye baridi yanatembea vizuri. Nisingekuwa na mapenzi yangu ningeyaweka sawa na ya kwanza, lakini kwenye mbao siyapaki, na kuyapata Mbeya ni bahati.

Ya tatu: Hoppe's, lakini ujue unanunua ipi

Hapa watu wanapotea. Hoppe's No. 9, iliyoanza mwaka 1903, ni ya kusafishia mtutu. Kazi yake ni kulegeza masizi ya baruti. Unaipitisha, unaipangusa, inaondoka. Halafu ndipo unapaka mafuta. Kuna mtu aliipaka kama mafuta, akaweka bunduki kabatini masika yote, akaja kunionyesha kutu. Kampuni hiyohiyo ina chupa nyingine ndogo ya mafuta ya kulainisha, na hiyo ni nzuri, haina makuu. Soma maandishi, usinunue kwa rangi ya kifuniko. Harufu ya No. 9 kwa wengine ni ya ndizi mbivu, na si uongo, ndani yake kuna kemikali inayonukia hivyo.

Ya nne: WD-40

Hii ndiyo mnayoipenda kwa sababu iko kwenye kila duka la spea kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Nawaelewa. Lakini sikilizeni ilitoka wapi: mwaka 1953, San Diego huko Marekani, watu walikuwa wanatafuta kitu cha kufukuza maji, na kilichofanikiwa kilikuwa jaribio la 40. Kufukuza maji ndiyo kazi yake. Umenyeshewa shambani, unafika nyumbani bunduki inatiririka, puliza, maji yatoke, pangusa yote, kisha paka mafuta ya kweli. Ukiishia kwenye kupuliza, na ukarudia hivyo kila wiki, unajenga lile tabaka linalonata nililokueleza. Bawa la nzi niliyemtaja lilikuwa kwenye tone hili.

Na msiipulize karibu na risasi! Inapenya. Wenzetu wa Marekani wana mchezo wa kujaza upya maganda ya risasi nyumbani. Kwetu risasi tunanunua zikiwa kamili kwa muuzaji mwenye leseni, mambo ya kujaza hatuna. Ila kuna onyo moja la watu hao nimelichukua: fataki haishikwi na kidole chenye mafuta. Kama anayezijaza mwenyewe anaogopa alama ya kidole, wewe unayepuliza kopo zima juu ya mkanda wenye risasi unafikiria nini? Risasi za kijeshi mara nyingi zimezibwa kwa rangi ngumu kama vanishi kuzunguka fataki. Za shotigani tunazonunua, nyingi hazijazibwa. Na ubaya ni kwamba hazifi zote. Katika boksi zinakufa chache, huzijui ni zipi, utazijua nguruwe akishafika.

Sasa wauzaji

Nina donge. Kwanza, hii tabia ya kumimina. Mtu ana dumu la mafuta asiyoyajua yametoka wapi, anayapunguza kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi, anabandika karatasi "MAFUTA YA BUNDUKI", anauza. Niliuliza duka moja, ni mafuta gani haya? Kijana akanijibu, "Ni ya bunduki, mama." Ya nani? "Ya bunduki." Nilipoyaweka kwenye kioo yaligeuka rangi kabla ya wiki kwisha. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji na lakiri ya kifuniko, usinunue, hata kama ni ya shemeji yako.

Pili, bei inayoangalia sura. Bidhaa hizi hazina bei ya kubandikwa. Nikienda peke yangu naambiwa bei moja, nikienda na shemeji yangu mwenye kofia ya wawindaji bei inashuka, halafu tunapewa na kitambaa bure. Mimi ndiye mwenye bunduki na leseni! Siku hizi naagiza kwa mtu Dar es Salaam, inakuja kwenye basi kama kifurushi, nauli ya mzigo juu, na bado inanitokea nafuu kuliko chupa ileile Mbeya mjini. Nielezeni hesabu hiyo.

Tatu, makopo ya kupuliza yaliyokaa juani kwenye meza ya nje. Ukibonyeza yanatoa povu na mlio, gesi imekwisha, mafuta yamebaki chini hayatoki. Mwombe muuzaji apulize mara moja kwenye karatasi kabla hujalipa. Akikataa, jibu umelipata.

Za bei ndogo

Mafuta ya cherehani: yanafaa kwenye bawaba za mlango na, ukibanwa, tone moja kwenye bunduki, basi. Oili chafu ya gari: ina asidi na unga wa chuma, ipakeni nguzo za uzio. Mafuta ya alizeti: nendeni mkaange. Yanaganda kuliko kitu kingine chochote kwenye kioo changu.

Vaselini wengi mnaniuliza, na nakubali kwamba nje ya mtutu, kwa bunduki itakayolala miezi mingi, inazuia kutu vizuri sana. Ila inakusanya vumbi, na ndani kwenye pini, kwa baridi ya Julai, inakuwa nta. Nje ya mtutu sawa, paka nyembamba. Itakayobaki ni ya visigino, msimu wake ndio huu.