Rangi za Kutia katika Gundi na Epoksi ya Kalamu: Ipi Inunuliwe Kwanza Lubumbashi

Fundi anayekereza kalamu za mikono hukutana na gundi mara mbili: kwanza anapogandisha mrija mwembamba wa shaba ya njano ndani ya tundu alilotoboa, na pili anapoziba ufa, fundo au mfereji wa pambo juu ya mwili wa kalamu. Katika kazi zote mbili rangi ya gundi huonekana, ama waziwazi ama kupitia kipande kinachokerezwa, kikiwa cha plastiki inayopitisha mwanga, na kalamu nyingi zilizokerezwa kwa ustadi hushuka thamani kwa sababu mrija unang'aa kutoka ndani mahali palipopaswa kuwa peusi. Nimezipanga hapa rangi zinazopatikana Lubumbashi, au zinazoweza kuagizwa, kuanzia ile ninayoshauri inunuliwe kwanza.

Mpangilio huu unaongozwa na sharti moja: rangi iwe kavu kabisa. Supagluu hugandishwa na unyevu, kwa hiyo tone la rangi yenye maji huifanya igande ghafla na kuwa nyeupe yenye povu. Epoksi nayo, yaani gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, mafuta na kigumishi, ikiingiwa na maji, hupata ukungu au hubaki laini na ya kunata. Sharti la pili ni la kiasi. Rangi ikizidi sana asilimia 5 ya uzito wa epoksi huanza kudhoofisha mshiko, na kwa gramu 10 za epoksi hiyo ni nusu gramu tu, kiasi ambacho mizani ndogo ya wauza dhahabu hukipima vizuri.

Nafasi ya kwanza naipa oksidi ya chuma, yaani ile poda ya kutia rangi saruji ya sakafu inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni ya bei nafuu, haipauki juani, na hufunika kabisa hata ikipakwa nyembamba, jambo ambalo ndilo linalotakiwa kati ya mrija na kipande kinachopitisha mwanga. Rangi zake ni chache, nyekundu, njano, kahawia na nyeusi, lakini hizo ndizo zinazopatana na mbao zetu, hasa mninga na mukula. Muuzaji asikuuzie mfuko mzima. Omba vijiko vichache. Ukifika nyumbani, weka chembe kidogo ya poda hiyo katika siki. Ikitoa mapovu, imechanganywa na chokaa, na rangi yake itakuwa hafifu kuliko ulivyotarajia. Kisha ichuje kwa soksi ya nailoni, kwa sababu punje moja kubwa huacha mstari kwenye kalamu iliyokwisha kupigwa msasa. Anayehitaji nyeusi peke yake hana haja hata ya kununua: unga wa makaa uliosagwa laini na kukaushwa vizuri hutosha kwa kuziba nyufa, ingawa chini ya kipande kinachopitisha mwanga oksidi nyeusi hufunika vizuri zaidi.

Ya pili ni poda ya maika, ile yenye mng'ao wa lulu, ambayo huuzwa katika vikopo vidogo na watu wanaoagiza vifaa vya kucha na vipodozi. Rangi zake ni nyingi mno, na kwa kumimina vipande vizima vya epoksi hakuna inayoipita kwa uzuri. Sikuiweka ya kwanza kwa sababu mng'ao wake huhitaji nafasi. Katika ufa wenye upana wa unywele hauonekani, na aliyeinunua kwa kazi hiyo amelipia uzuri ambao mteja hatauona. Pia huzama katika epoksi inayokauka polepole, kwa hiyo ni afadhali kusubiri mchanganyiko uanze kuwa mzito ndipo umiminwe. Usiichanganye na vimetameta vya plastiki, ambavyo huuzwa kando yake na kufanana nayo machoni, kwa maana msasa hukwangua rangi ya juu ya vimetameta hivyo na kuacha madoa ya fedha.

Ya tatu ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, na hapa naomba msomaji avumilie maelezo marefu, kwa kuwa kalamu yenye mshipa wa malakiti ni kitu ambacho fundi wa Lubumbashi anaweza kukitengeneza kwa masalio ya jirani yake. Wachongaji wa bangili, mayai na sanduku za malakiti hubaki na vipande wasivyovihitaji, na kwao ndiko kwa kununua, kwa sababu unaliona jiwe kabla halijavunjwa. Usinunue unga uliokwisha kusagwa. Malakiti ikisagwa sana hupoteza kijani chake kizito na kuwa kijani cha kupauka, kwa hiyo punje zinazofaa ni za ukubwa wa chumvi ya mawe iliyopondwa, zenye kuonyesha bado mistari ya jiwe. Ugumu wake ni kati ya 3.5 na 4 katika kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, hivyo hukubali msasa bila shida, ingawa kisu cha kukerezea huwa butu upesi na hakina budi kunolewa mara kwa mara. Punje zipangwe kwanza ndani ya mfereji, kisha epoksi ya kukauka polepole iliyotiwa oksidi nyeusi kidogo imiminwe juu yake, ili mapovu yapate muda wa kutoka. Katika baridi ya Juni na Julai epoksi huwa nzito. Chupa iliyofungwa vizuri iwekwe kwanza katika maji ya uvuguvugu.

Vumbi la malakiti lina shaba na ni sumu. Jiwe livunjwe na kupigwa msasa likiwa na maji, fundi akiwa amevaa barakoa nzuri, mbali na watoto na vyombo vya chakula. Punje zikaushwe kabisa kabla ya kukutana na gundi. Na kwa hali yoyote usinunue mawe au unga wa njano kali, wa machungwa au wa kijani usiojulikana ulikotoka, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Madini ya urani ya Shinkolobwe, mgodi uliofungwa rasmi mwaka 2004, hutoa mionzi na yana rangi za namna hiyohiyo, na kalamu ni kitu kinachoshikwa mkononi kila siku.

Pasta maalumu za epoksi, ambazo ni rangi iliyokwisha kusagwa ndani ya mafuta ya epoksi yenyewe, nimeziweka nafasi ya nne kwa sababu ya bei na kungoja tu. Kwa ubora zingekuwa juu, na anayetengeneza kalamu nyingi za rangi moja afadhali aziagize.

Wino wa alkoholi hutoa rangi safi inayopitisha mwanga, lakini wino mwingi wa namna hiyo hupauka juani, na ukizidi hulainisha epoksi. Rangi za akriliki za kuchorea zina maji. Tone dogo katika epoksi huweza kukubalika, katika supagluu kamwe.

Kwa supagluu, njia iliyo salama ni kujaza poda kavu ndani ya ufa, kuishindilia kwa kijiti, kisha kudondosha gundi nyembamba juu yake. Kwa epoksi, changanya rangi kwanza na sehemu ya mafuta peke yake, ndipo uongeze kigumishi kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa. Epoksi ya dakika 5 haikupi nafasi ya kukoroga rangi baadaye. Kwa ununuzi wa mara ya kwanza, oksidi nyeusi na nyekundu, vijiko viwili kila moja, pamoja na kikopo kimoja cha maika ya rangi ya shaba, zinatosha kuanzia, na fedha iliyobaki iende kwenye epoksi nzuri.