Kidude cha waifai cha elfu 25, Mtwara mjini

Jamani mwenye desktopu kama yangu asome hapa. Nina steshenari ndogo huku Magomeni, mashine yenyewe ya kizamani haina waifai, rauta iko nyumba ya pili kwa mama mwenye nyumba na kuvuta waya upite barazani kwake kakataa katakata, eti mbuzi watautafuna. Basi nikaenda duka moja karibu na soko kuu nikachukua kidude cha kuchomeka kwenye USB, kadogo kama ukucha, elfu 25, hapunguzi hata mia.

Siku ya kwanza nilitamani nikirudishe. Ndani ya boksi kuna sidii ya draiva (programu ya kufanya mashine ikitambue kidude) wakati mashine haina hata pa kuweka sidii 😂 ikabidi nichomeke simu kwa waya nishushe draiva kwa bando langu mwenyewe. Halafu nikakichomeka nyuma ya kesi ya mashine, mtandao unakuja unakata unakuja unakata, kumbe lile bati la kesi linaziba. Nikaongeza waya wa eksitensheni wa USB, buku 3, nikakining'iniza dirishani, mistari ikajaa palepale.

Kinashika waifai ya masafa ya 2.4 GHz tu, ile ya kasi zaidi ya 5 GHz hakioni kabisa, ila hiyo 2.4 ndo inapenya ukuta vizuri kwahiyo kwangu fresh. Fomu za wateja sasa hivi napakia bila kero. Muuzaji mpole, ila garantii wiki moja na ni ya mdomo tu, risiti mpaka uombe mara mbili. Nampa 3 kati ya 5, kingekuwa na kaantena ningetoa 4.